Mwongozo Kamili: Jinsi ya Kupanga Orodha ya Mabondia Bora wa Nyakati Zote

Nimesoma orodha nyingi za "mabondia kumi bora wa dunia" zilizoandikwa na watu wanaoupenda mchezo huu kwa dhati, na karibu zote zinaanguka mahali pamoja. Mtu anaanza na majina aliyoyasikia tangu utotoni, anaangalia nani hajapigwa, anamweka juu, halafu ndipo anatafuta sababu. Ukimuuliza kwa nini Rocky Marciano yuko juu ya Sugar Ray Robinson, jibu ni neno moja: "Hakupigwa." Ubishi unaishia hapo, na kila mtu anaondoka na kile alichokuja nacho.

Mwongozo huu ni wa kuifanya kazi hiyo upya, hatua kwa hatua. Unasimama juu ya jambo moja: bondia hupimwa kwa watu aliokutana nao, na kwa siku aliyokutana nao. Jina la mpinzani peke yake halitoshi. Tarehe ina uzito uleule.

Tenga wikiendi mbili. Ukiifanya usiku mmoja utarudi kulekule kwenye majina ya utotoni.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Daftari la mistari. Jedwali la kompyuta linafaa pia, lakini mimi napendelea daftari. Ukiandika jina la kila mpinzani kwa mkono, unalazimika kulitazama.

Kalamu ya bluu, kalamu nyekundu na penseli. Kila moja ina kazi yake, utaiona kwenye hatua ya tatu na ya nne.

Rekodi kamili za mapambano. Tovuti ya BoxRec inaonyesha pambano kwa pambano: tarehe, mji, raundi na matokeo. Usitumie muhtasari wa mstari mmoja wa aina ya "50-0", yaani ushindi 50 na vipigo sifuri. Huo muhtasari ndio chanzo cha matatizo yote.

Video za mapambano mazima. Pambano la raundi 15 lililofika mwisho linachukua dakika 59 ukihesabu na mapumziko. Panga bando lako kwa hesabu hiyo.

Mtu mmoja wa kubishana naye. Awe anajua ngumi na asiwe na aibu ya kukukatalia. Utamhitaji mwishoni.

## Hatua ya 1: Chagua swali moja

Neno "bora" limebeba maswali matatu yaliyofungwa kwenye kanga moja. La kwanza: nani alifanya kazi kubwa zaidi ulingoni, kuanzia pambano la kwanza hadi la mwisho? La pili: nani alikuwa mkali zaidi katika siku zake bora kabisa? La tatu: wakikutanishwa leo, nani angemdunda nani?

Kila swali lina majibu yake. Mike Tyson wa mwaka 1986 hadi 1988 anapanda juu sana kwenye swali la pili. Alipompiga Trevor Berbick Novemba 1986 alikuwa na miaka 20 tu, bingwa mdogo kuliko wote wa uzito wa juu. Kwenye swali la kwanza anashuka, kwa sababu Februari 1990 kule Tokyo Buster Douglas alimwangusha raundi ya 10, na baada ya hapo hakurudi kuwa yule wa mwanzo.

Ninakushauri uchague swali la kwanza. Linajibika kwa ushahidi. La tatu ndilo linalopendwa zaidi na ndilo linalopotosha zaidi: Muhammad Ali wa miaka ya 60 alikuwa na kilo kama 96, wakati Tyson Fury ameingia ulingoni akiwa na zaidi ya kilo 120. Ukiwapambanisha kichwani, unapima lishe na ukubwa wa miili kuliko unavyopima ngumi.

Onyo: usichanganye maswali katikati ya kazi. Wengi humpandisha Ali kwa swali la kwanza, wakampandisha Tyson kwa la pili, wakamshusha Robinson kwa la tatu, yote ndani ya orodha moja.

Umefaulu kama: swali lako limeandikwa juu ya ukurasa wa kwanza, sentensi moja, na unaweza kumsomea mtu asiyejua ngumi akalielewa.

## Hatua ya 2: Andika majina 30 kabla ya kufikiria kumi

Gawa ukurasa katika vipindi vitano: kabla ya 1930, 1930 hadi 1950, 1950 hadi 1970, 1970 hadi 1990, na 1990 hadi leo. Kila kipindi lazima kiwe na majina yasiyopungua manne. Sababu ni rahisi: kumbukumbu yako imejaa mabondia uliowaona kwenye televisheni. Bila kujilazimisha, utapata watu ishirini wa kipindi kimoja.

Majina ya kuanzia nayo: Joe Gans, Sam Langford, Jack Johnson, Harry Greb, Benny Leonard, kisha Henry Armstrong, Joe Louis, Willie Pep, Sugar Ray Robinson, Ezzard Charles, kisha Archie Moore, Eder Jofre, Dick Tiger wa Nigeria, Muhammad Ali, kisha Carlos Monzón, Roberto Durán, Sugar Ray Leonard, Marvin Hagler, Larry Holmes, Azumah Nelson wa Ghana, Julio César Chávez, kisha Pernell Whitaker, Roy Jones, Floyd Mayweather, Manny Pacquiao, Oleksandr Usyk, Terence Crawford, Naoya Inoue. Waliobaki wajaze wewe.

Angalia hasa wale walionyimwa nafasi ya kugombea ubingwa. Sam Langford hakupewa pambano la ubingwa wa dunia wa uzito wa juu maishani mwake kwa sababu ya ubaguzi wa rangi. Hata Jack Johnson, bingwa wa kwanza mweusi wa uzito wa juu, aliyempiga Langford mwaka 1906, hakumpa nafasi alipokuwa na taji. Ezzard Charles alimpiga Archie Moore mara tatu katika miaka ya 40, na hakuwahi kugombea ubingwa wa uzito ule ambao Moore baadaye alikuja kuutawala. Orodha inayohesabu mikanda tu inawanyima watu hawa mara ya pili.

Na sisi wa Afrika Mashariki? Hapa moyo unavuta, najua. Robert Wangila wa Kenya alichukua dhahabu ya Olimpiki kule Seoul mwaka 1988. Philip Waruinge alipewa Kombe la Val Barker kwa ufundi bora kwenye Olimpiki ya Mexico 1968 ingawa medali yake ilikuwa ya shaba. Hizo ni kazi za ngumi za ridhaa, na ngumi za ridhaa zina ukurasa wake. Humo yumo pia Teófilo Stevenson wa Kuba, dhahabu tatu za Olimpiki, ambaye hakuwahi kupigana hata pambano moja la kulipwa. Usimwingize kwenye orodha hii kwa kubahatisha angefanya nini.

Wanawake pia watengenezee orodha yao kamili, kwa sababu mapambano yao ya ubingwa mara nyingi ni raundi 10 za dakika mbili na rekodi zinasomeka tofauti. Kazi ni ileile, hatua ni hizihizi.

Umefaulu kama: una majina 30 na angalau matano hukuwa unayajua vizuri kabla ya leo.

## Hatua ya 3: Isome rekodi mstari kwa mstari

Hii ndiyo kazi yenyewe. Ukiiruka, mengine yote ni mapambo.

Mpe kila bondia ukurasa wake. Andika wapinzani wake kumi wakubwa aliowashinda, kila mmoja na tarehe. Kisha kwa kila mpinzani jiulize: siku ile alikuwa na miaka mingapi? Alikuwa akitoka kwenye ushindi au kwenye kipigo? Uzito wake wa kawaida ulikuwa upi? Na baada ya pambano lile alifanya nini?

Kama mpinzani alikuwa kwenye kilele chake na miongoni mwa wakali wa uzito ule, mpigie mstari kwa kalamu ya bluu. Kama ni jina kubwa ambalo msimu wake umeshapita, au ametolewa kwenye uzito mwingine, tumia penseli. Wengine waache bila alama.

Tufanye na Marciano. Mapambano 49, ushindi 49, KO 43 (ushindi wa kummaliza mpinzani kabla ya raundi zote kwisha). Sasa soma mistari. Oktoba 1951 anampiga Joe Louis raundi ya 8: Louis ana miaka 37, ameshastaafu akarudi, mwaka mmoja kabla amepigwa na Ezzard Charles. Penseli. Septemba 1952 anamwangusha Jersey Joe Walcott raundi ya 13 na kuchukua ubingwa wa uzito wa juu: Walcott ana miaka 38, lakini ndiye bingwa aliye madarakani, alimwangusha Marciano raundi ya kwanza na alikuwa anaongoza kwa pointi mpaka konde lililommaliza lilipotua. Hapo mimi natumia bluu, umri wake au la. Mwaka 1954 anamshinda Charles mara mbili: Charles ana miaka 32 na zaidi, na ubora wake mkubwa ulikuwa kwenye uzito ulio chini ya ule wa juu. Penseli nzito. Septemba 1955 Archie Moore: bingwa wa uzito huohuo wa chini yake, mtu aliyezaliwa 1913 au 1916 kutegemea unamwamini nani. Penseli.

Ukurasa wa Marciano sasa una bluu moja na penseli kadhaa. Hukumvunjia heshima. Alimpiga kila aliyewekwa mbele yake, na alinyanyuka kutoka chini ili afanye hivyo. Lakini sasa unajua ile 49 imejengwa kwa matofali gani.

Mlinganishe na ukurasa wa Ali. Oktoba 30, 1974, Kinshasa: George Foreman ana miaka 25, mapambano 40 bila kupoteza, KO 37, ametoka kuwasambaratisha Joe Frazier na Ken Norton, raundi mbili kila mmoja, watu wawili ambao wote wameshawahi kumpiga Ali. Ali ana miaka 32. Raundi ya 8 Foreman yuko chini. Bluu ambayo kalamu inatoboa karatasi.

Zoezi hili lina faida nyingine kwetu: linaonyesha mabondia wa kwetu kama wapinzani wa maana. Juni 1981 Sugar Ray Leonard alipanda uzito kwenda kumkabili Ayub Kalule wa Uganda, bingwa wa dunia wa chama cha WBA ambaye hakuwa amepoteza pambano hata moja la kulipwa. Leonard alimaliza raundi ya 9. Hiyo ni bluu safi kwenye ukurasa wa Leonard, na waandishi wengi wa orodha huiruka kwa sababu jina la Kalule halimo vichwani mwao. Kwa upande mwingine, Machi 1986 Marvin Hagler alimmaliza John Mugabi raundi ya 11. Mugabi alikuwa amewamaliza wapinzani wake wote kabla ya mwisho wa pambano, lakini alikuwa amepanda kutoka uzito wa chini. Alimtesa sana Hagler usiku ule. Mimi natumia bluu; ukitumia penseli, andika sababu pembeni.

Onyo: usimhukumu mpinzani kwa alivyokuja kuwa baadaye bila kutazama alivyokuwa siku ile. Mayweather alimshinda Canelo Álvarez Septemba 2013 kwa ufundi wa hali ya juu. Canelo alikuwa na miaka 23 na walikubaliana uzito ulio chini ya ule wa mkanda. Mei 2015 akamshinda Pacquiao, aliyekuwa na miaka 36 na aliyekuwa ameshalazwa chini na Juan Manuel Márquez mwaka 2012. Na pambano la 50, Agosti 2017, lilikuwa dhidi ya Conor McGregor, ambaye hakuwa amewahi kupigana ndondi za kulipwa. Yote ni ushindi. Rangi ni tofauti.

Umefaulu kama: unaweza kufunika idadi ya ushindi kwa mkono na bado ukajua nani ana ukurasa mzito, kwa kutazama rangi tu.

## Hatua ya 4: Soma vipigo, usivihesabu

Sasa chukua kalamu nyekundu. Andika kila pambano alilopoteza, tarehe, umri wake, na kama walirudiana.

Sugar Ray Robinson alipoteza mapambano 19. Kwa mtu anayehesabu, 19 ni aibu mbele ya sifuri. Yapange kwa tarehe uone. Matatu ni ya kabla hajastaafu mara ya kwanza mwishoni mwa 1952. Matatu ni ya 1955 hadi 1957, aliporudi. Kumi na matatu yaliyobaki ni ya 1960 hadi 1965, akiwa na miaka 38 kwenda juu, akipigana kwa sababu alihitaji fedha. Mwaka 1965 peke yake alipigwa mara tano.

Sasa yasogelee yale matatu ya kwanza. Februari 5, 1943, Detroit: Jake LaMotta, aliyemzidi takriban kilo 7. Robinson alikuwa na ushindi 40 mfululizo. Siku 21 baadaye, mji uleule, alimpiga LaMotta. Walikutana mara sita na Robinson alishinda tano. Julai 1951, London: Randolph Turpin. Robinson alikuwa amepoteza pambano moja tu katika zaidi ya 120. Siku 64 baadaye alimmaliza Turpin raundi ya 10 New York. Juni 1952, Yankee Stadium: Joey Maxim, bingwa wa uzito ulio juu ya ule wa Robinson. Joto lilikuwa kali mpaka refa Ruby Goldstein alishindwa kuendelea, akabadilishwa. Robinson alikuwa anaongoza kwa pointi kwa majaji wote, akashindwa kutoka kwenye kona yake kwa raundi ya 14.

Ukimaliza ukurasa huu hutaiona tena ile 19 kwa macho uliyokuwa nayo asubuhi.

Kanuni ninayoitumia: kipigo cha kilele bila marudiano kinauma kwa uzito wake wote, kipigo cha kilele kilicholipwa kinauma nusu, kipigo cha uzeeni hakiumi. Ali aliyepigwa na Larry Holmes mwaka 1980 hakuwa Ali yule, na kwa mantiki hiyohiyo, Holmes hapati bluu kwa ushindi ule. Kanuni lazima ikate pande zote mbili.

Onyo: bondia asiyepigwa anaweza kuwa ameepuka watu. Kwa kila mwenye sifuri, andika majina ya wakali wa wakati wake ambao hakukutana nao, na sababu kama unaijua.

## Hatua ya 5: Badilisha fedha ya zamani

Shilingi ya mwaka 1970 na ya leo hazinunui kitu kimoja. Mikanda ni hivyohivyo.

Zamani kulikuwa na madaraja manane ya uzito, na kwa kawaida bingwa mmoja kwa kila daraja. Leo yako 17 au zaidi, na vyama vikubwa vinne, WBA, WBC, IBF na WBO, kila kimoja na mkanda wake. Henry Armstrong, kati ya Oktoba 1937 na Agosti 1938, alichukua ubingwa wa uzito wa unyoya, wa welta na mwepesi, akaishika yote mitatu kwa wakati mmoja, katika dunia yenye mabingwa wanane tu. Ukiambiwa leo mtu ana mikanda ya uzito tano, uliza kwanza: ya chama kipi, na ndani ya kilo ngapi? Ndiyo maana wanaounganisha mikanda yote minne, kama Crawford katika uzito tatu tofauti, wanastahili hesabu ya pekee.

Tazama upimaji wa uzito. Zamani bondia alipimwa siku ileile ya pambano. Sasa anapimwa siku moja kabla, akapata muda wa kunywa na kula akarudisha kilo kadhaa. Kupanda uzito wakati ule kulikuwa ni kupanda kweli.

Kisha raundi. Hapa pana jambo ambalo watu hawalifikirii. Mapambano ya ubingwa yalikuwa ya raundi 15 mpaka miaka ya 80. WBC ilishuka hadi 12 baada ya kifo cha Duk Koo Kim, aliyeumizwa kwenye pambano lake na Ray Mancini Novemba 1982. Chukua sheria ya leo uipeleke nyuma. Robinson na Maxim wakiishia raundi ya 12, Robinson ni bingwa wa uzito wa tatu. Leonard na Thomas Hearns, Septemba 1981, wakiishia ya 12, Hearns anashinda kwa pointi. Leonard alimmaliza raundi ya 14. Na Marciano na Walcott, Septemba 1952, wakiishia ya 12, Walcott anabaki bingwa, na ile sifuri maarufu kuliko zote haipo.

Simaanishi ubadilishe matokeo. Yaliyotokea yametokea. Ninachotaka uone ni kwamba tarakimu unayoitegemea ilisimama juu ya raundi moja.

Mwisho, mapambano ya mwanzoni mwa karne ya 20 yana kitu kinachoitwa uamuzi wa magazeti. Katika baadhi ya majimbo ya Marekani sheria haikuruhusu majaji kutoa mshindi; kama hakuna KO, waandishi wa habari waliokaa kando ya ulingo ndio walioandika nani kashinda. Kwa hiyo ukurasa wa Harry Greb, aliyepigana takriban mara 300, utaonekana wa ajabu. Soma hukumu hizo kama ushahidi, zipe uzito wa kati.

Umefaulu kama: pembeni ya kila ukurasa kuna mistari miwili mitatu inayosema bondia huyu alipigana chini ya sheria gani.

## Hatua ya 6: Tazama video, sauti ikiwa imezimwa

Kwa kila bondia tazama mapambano matatu: moja la kilele, moja gumu alilokaribia kupoteza, moja alilopoteza. Video fupi za makonde makali pekee zinamfanya kila mtu aonekane bingwa.

Zima sauti. Mtangazaji anakuambia uone nini, na watazamaji wanapiga kelele hata konde likitua kwenye kiwiko. Raundi ya kwanza tazama miguu tu. Ya pili tazama mikono wakati hairushi konde: iko wapi akiwa amepumzika? Ya tatu ndiyo utazame makonde. Toa alama zako mwenyewe za 10 kwa 9 kila raundi (10 kwa aliyeishinda, 9 kwa aliyeipoteza), kisha linganisha na za majaji.

Mfano wa kufanyia mazoezi: Mei 1, 1957, Chicago, Robinson dhidi ya Gene Fullmer, raundi ya 5. Irudie mara nyingi. Robinson ana miaka 35, anazidi kusogea nyuma, Fullmer anamfuata. Robinson anagusa mwili kwa mkono wa kulia. Glovu za Fullmer zinashuka kidogo tu kulinda mbavu. Konde fupi la kushoto linazunguka na kutua kidevuni. Angalia mguu wake wa nyuma: mtu anayerudi nyuma kwa kawaida hana nguvu, ila huyu ameukita chini nukta moja kabla ya kupiga. Fullmer hakuwa amewahi kuhesabiwa hadi kumi. Kuanzia siku hiyo utakuwa unajua cha kutafuta kwa wengine.

Filamu za zamani kabisa mara nyingi huchezeshwa kwa kasi isiyo yake, mabondia wanaonekana wakirukaruka kama vikaragosi. Punguza kasi ya video hadi 0.75 kabla hujasema Jack Johnson hakuwa na ufundi.

Na asiye na video? Greb hana filamu ya pambano hata moja iliyopatikana. Mpime kwa ushahidi wa wengine: Gene Tunney, mtu aliyempiga Jack Dempsey mara mbili, alipoteza pambano moja tu maishani, na aliyempiga, Mei 1922, ni Greb, aliyekuwa mwepesi kuliko yeye.

## Hatua ya 7: Toa alama

Jumla ni 100. Wapinzani aliowashinda, 40. Ukali wa kilele chake, 25. Ubingwa, baada ya kubadilisha fedha, 15. Muda aliodumu juu, 10. Hatari alizozifuata mwenyewe, 10.

Hicho kipengele cha mwisho mwanzoni nilikiita "kupanda uzito", mpaka nikaona nawaadhibu mabondia wa uzito wa juu ambao hawana pa kupanda. Hatari ni pana zaidi: kumfuata mkali nyumbani kwake, kurudiana na aliyekushinda, kumpa nafasi anayeepukwa na wote. Azumah Nelson kwenda Melbourne Machi 1992 kumkabili Jeff Fenech mbele ya watu wake, baada ya sare iliyolalamikiwa, akammaliza raundi ya 8: hizo ni alama 10 kati ya 10.

Alama zangu kwa wanne tuliowagusa, kwa mpangilio huo: Robinson 38, 25, 13, 9, 9, jumla 94. Ali 40, 22, 13, 8, 10, jumla 93. Mayweather 33, 22, 14, 9, 6, jumla 84. Marciano 27, 21, 13, 5, 7, jumla 73.

Onyo: jaza kipengele kimoja kwa mabondia wote 30, kisha nenda kingine. Ukimjaza bondia mmoja vipengele vyote, alama ya kwanza itazivuta zinazofuata.

## Hatua ya 8: Wapambanishe wawiliwawili kwenye karatasi

Tofauti ya alama tatu au pungufu haina maana. Mkono wako ungeweza kuteleza popote. Kwa jozi zilizokaribiana, weka kurasa mbili pamoja mezani na uandike sentensi moja tu: "Namweka huyu juu kwa sababu…" Sentensi isiwe na neno "sifuri", wala "anajulikana", wala "angempiga".

Yangu kwa Robinson na Ali: namweka Robinson juu kwa sababu alikuwa bora wa uzito wa welta kwa miaka mingi, kisha akapanda akawa bingwa wa uzito wa kati mara tano, na katika kilele chake kila aliyempiga ndani ya kilo zake alilipwa. Unaweza kuandika sentensi ya Ali yenye nguvu kuliko hiyo. Iandike, ndipo tubishane.

Umefaulu kama: kuna jozi uliyoshindwa kuiandikia sentensi, ukaamua kubadilisha nafasi. Hilo likitokea mara mbili au tatu, kazi inakwenda vizuri.

## Hatua ya 9: Ijaribu kabla ya kumwonyesha mtu yeyote

Jaribio la vipindi: hesabu waliomo kumi bora kwa kila kipindi. Kama saba wanatoka kipindi ulichokuwa kijana, rudi hatua ya 2.

Jaribio la kufunika majina: mpe yule mtu wako kurasa tano bila majina, zikiwa na rangi, umri na tarehe tu. Mwambie apange. Akikupangia tofauti na wewe, muulize ametazama nini. Mimi nilimpa jamaa yangu ukurasa wa Ezzard Charles bila jina, akamweka wa nne. Nilipomwambia ni nani alikaa kimya, kisha akaniomba video.

Jaribio la kanuni: chagua kanuni moja uliyomshushia bondia usiyempenda, uitumie kwa unayempenda kuliko wote. Kama anashuka, mshushe leo hiihii.

Halafu andika tarehe juu ya ukurasa. Usyk na Inoue wameingia kwenye karatasi hii wakiwa bado wanapigana, kwa hiyo kurasa zao ziachie mistari mitupu chini, na nyekundu iwe karibu.